Bokilo wangu alihamia kwangu kusubiri point ya tisa ya bunge, kadi ya mkopo mfukoni

Wakuu, heshima kwenu wote, wa Dar, wa Nairobi, wa Bukavu, na sisi wa Kisangani tunaoandika Kiswahili cha kuchanganya.

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Mke wangu amekisoma kabla yenu, akafuta mistari miwili aliyosema nimemwonea baba yake. Iliyobaki ameikubali.

Mimi nachapa makaratasi kwenye bunge moja la mkoa. Wakati wa kisa hiki, siku za kikao, asubuhi, nilikuwa nachapa ordre du jour, ile orodha ya mambo ya siku: point ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho. Katibu ananipa imeandikwa kwa mkono, nachapa, natoa kopi, huissier, yule tarishi wa kikao, anagawa kwenye meza za wabunge. Ukikosea hapo, umekosea mbele ya mkoa mzima.

Nakaa Simi-Simi, upande wa uwanja wa ndege wa zamani, na mke wangu Mado na watoto wetu wawili. Vyumba viwili na salon ya kukaa wageni.

Bon. Baba yake Mado, tumwite Papa Bolaya, ndiye bokilo wangu (ni neno letu la mkwe, naye ananiita hivyohivyo). Ni mkurugenzi wa shule aliyestaafu, mutu wa Yanonge. Siku moja alikuja mjini kufuata pensheni yake, benki wakampa kadi ya mkopo. Hakuomba. Walimwambia ni kwa wateja wa heshima, wakamwonyesha pa kutia sahihi.

Wakuu, ile kadi ilizunguka Yanonge nzima. Ilionekana kanisani, ilionekana kwenye matanga, ilionekana sokoni kwa mama wanaouza samaki wa kukausha. Hakuna mashine hata moja kule ya kuipokea. Kwa ukweli ilifanya kazi mara moja tu: ilikata sabuni, siku kisu kilipotea.

Lakini kila mwezi benki ilikuwa inakata frais, ada ya kadi, kwenye pensheni. Mzee akawa analalamika kwa Mado kwenye simu, polepole, kama mtu anayesema ugonjwa wa aibu.

Halafu akasikia kwenye redio kwamba mbunge mmoja ameweka pendekezo: bunge liandike Kinshasa kuomba mageuzi ya kadi za mkopo yaharakishwe. Kadi isiyotumika isikatwe frais, na mkataba usomwe kwa mteja kwa lugha anayoisikia. Mkoa hauwezi kuamuru benki, ni kuomba tu. Lakini mzee alisikia neno "yaharakishwe", akafunga begi.

Alifika na baleinière, ile mashua kubwa ya mtoni, na samaki wa moshi, daftari moja, bic nyekundu moja. Akasema atakaa mpaka point yake ipite. Mado akaninong'oneza kwamba ni wiki moja tu.

Siku ya kwanza mageuzi ya kadi yalikuwa point ya tisa. Kikao kikafika ya nne, muda ukaisha. Kulikuwa na mambo ya barabara ya Yahuma, na hakuna mtu wa kuwalaumu, ile barabara inajulikana kwa ubovu.

Siku ya pili, tisa tena. Siku ya tatu, kumi na moja, sababu kuna dharura mbili zilipanda juu.

Mzee alikuwa anakuja kila kikao. Anakaa mbele kabisa kwenye viti vya wageni, koti limefungwa vifungo vyote, daftari kwenye magoti. Mimi nikiwa hata chai sijanywa, ananiuliza:

"Bokilo, leo tuko namba ngapi?"

Nyumbani alichukua kiti changu. Alichukua redio. Salon ikawa chumba chake, na watoto wakajifunza kupita kwa vidole vya miguu. Kwetu bokilo hapingwi. Akisema hewa ni ya baridi, unavaa sweta.

Na ile bic nyekundu, wakuu. Alikuwa anarudi na kopi yake ya ordre du jour na kuisahihisha. Accent ya juu ya herufi imekosekana hapa, koma imezidi pale. Juu kabisa anaandika alama. Siku yangu nzuri kuliko zote nilipata "assez bien", vizuri kiasi. Kilichoniuma ni kwamba makosa yalikuwepo kweli.

Wiki ya tatu ilipoingia, point imerudi ya tisa, nikagundua kitu. Katika mkoa huu hakuna mtu aliyetaka mageuzi ya kadi za mkopo kuliko mimi. Na mimi sina kadi.

Jumapili moja baada ya misa, tuko mezani, lituma ya ndizi na samaki, mzee akaweka uma chini.

"Bokilo, ni weye unaandika ile karatasi. Namba ni namba tu. Tisa, iweke pahali ya mbili."

Mado akaangalia sahani yake. Nikamjibu kwa adabu yote niliyonayo kwamba orodha inapangwa na wakubwa, mimi ni vidole tu, nikiigusa nitapoteza kazi.

Hakukasirika. Alisema ameelewa. Halafu Mado akamwongezea samaki, akakataa. Wale wenye wakwe wanajua. Mzee wa Yanonge akikataa samaki nyumbani kwako, hiyo ni demande d'explication tayari, ile barua ya ofisi ya kukutaka ujieleze.

Kesho yake asubuhi nilikuwa peke yangu mbele ya ordinateur, kompyuta ya ofisi. Nitasema kama ilivyokuwa. Nilichukua ile point ya tisa, nikaibandika pahali pa mbili. Nikaitazama. Ilikaa vizuri. Nikaiona salon yangu iko tupu, na mimi kwenye kiti changu.

Halafu nikaogopa.

Nilitaka kuirudisha chini. Ndipo nikasikia viatu vya chef, mkubwa wangu wa ofisi, kwenye korido. Nikabandika haraka kwenye tisa, nikabonyeza ya kutoa kopi, nikasimama kumsalimia. Kopi zikatoka, huissier akachukua, akaenda.

Kile nilichosahau ni kufuta ile ya juu.

Donc siku hiyo mkoa ulikuwa na ordre du jour ambamo mageuzi ya kadi za mkopo ni point ya pili, na pia ni point ya tisa. Neno kwa neno.

Niliijua tu wakati spika anaisoma kwa sauti. Alisoma ya pili. Akaendelea. Alipofika ya tisa akapunguza mwendo, kama mtu anayepita nyumba ambayo ameshaipita. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango na shati limenishika mgongoni.

Mbunge mmoja akaomba motion, akauliza ni ipi ya kweli. Mwingine akasema hakuna kosa hapa, ofisi imeiweka mara mbili kuonyesha uzito. Wa tatu akasema kama ni uzito, barabara ya Yahuma ingewekwa mara kumi. Wakaanza kubishana kama jambo lililoandikwa mara mbili linajadiliwa mara mbili, na kama likikataliwa juu linaweza kukubaliwa chini.

Kwenye viti vya wageni Papa Bolaya alikuwa ameinua kidole, sawa na mwanafunzi. Huissier akamwendea akamkumbusha kwamba wageni hawasemi. Kidole kikashuka nusu.

Mwishowe wakapiga kura: ifutwe moja. Ipi? Spika akataka kumaliza, akasema inafutwa ya chini, maana kufuta ya juu kutavuruga namba zote. Mikono ikainuka. Point ya pili ikabaki.

Alors, mjadala ukafunguliwa, na hakuna aliyeomba kusema. Nikadhani itakufa hapohapo.

Ndipo mbunge mmoja mzee, ambaye kwa kawaida hasemi, akatoa kadi yake mfukoni. Akasema anayo miaka mitatu, wanamkata kila mwezi, na hajawahi kununua nayo kitu. Anaitumia kufungulia mlango wa chumba chake kitasa kikikwama.

Watu walicheka, halafu kicheko kikaisha vibaya. Sababu jirani yake naye akatoa ya kwake. Na mama mbunge mmoja wa nyuma. Wakawa wanatoa kadi mmoja mmoja, kila mtu na frais yake, kila mtu alikuwa anadhani ni yeye peke yake aliyetia sahihi bila kusoma. Baada ya hapo kura haikuchukua muda. Barua iende Kinshasa, na iandikwe juu "haraka".

Nilimtazama mzee. Hakupiga makofi. Alikuwa anazihesabu zile kadi kwa macho.

Mchana chef aliniita. Nilimwambia ukweli wote, na mambo ya salon pia. Akanipa demande d'explication, nijibu kwa maandishi.

Papa Bolaya akasema ataniandikia yeye. Kurasa tatu, Kifaransa cha zamani. Nikazitia sahihi yangu. Chef alisoma ukurasa wa kwanza, akanirudishia, akasema hiyo si mimi, maana accent zote ziko mahali pake.

Kesho yake mzee alikwenda mwenyewe kwa chef, bila kuniambia. Niliwasikia kutoka korido.

"Ni mimi nilimuomba," alisema. "Akakatala. Kisha vidole vikamushinda. Kama ni kuandika jina ya mutu kwenye dossier, andika yangu."

Chef hakuandika jina la mzee. Aliandika langu. Blâme moja, onyo la maandishi, na ordre du jour akapewa mwenzangu. Sasa nachapa mihtasari ya vikao, ambayo hakuna anayeisoma, na kwa kweli nalala vizuri zaidi.

Mnadhani mzee aliondoka? Alisema sasa anasubiri jibu la Kinshasa.

Hapo ndipo Mado alisimama. Hakunishirikisha. Alhamisi moja alimpakia baba yake kwenye toleka, baiskeli ya abiria, yeye akapanda nyingine, moja kwa moja mpaka benki. Akaomba kadi ifungwe. Binti wa pale akatoa karatasi moja, mzee akatia sahihi, binti akachukua mkasi akakata kadi vipande viwili. Akawaambia frais haitakatwa tena, na kwamba mtu anaweza kurudisha kadi siku yoyote.

Siku yoyote, wakuu. Wiki zote zile.

Jioni nilimuuliza mzee kwa upole kwa nini hakuirudisha tangu mwanzo.

"Ningesema nini Yanonge? Bote bamekwisha kuiona."

Nilimwongezea samaki, akala.

Kesho yake alipanda baleinière.

Nikadhani imeisha. Baada ya siku kadhaa, mtu akagonga mlango: mwalimu mstaafu, begi mkononi, barua ya Papa Bolaya. Ilikuwa fupi. "Bokilo, huyu ni rafiki yangu. Iko na kadi. Mpelekeni benki, Mado anajua. Msimuulize kitu mbele ya watoto."

Mpaka leo wamekuja sita. Wote wazee wa heshima, wote koti limefungwa vifungo vyote. Kila mmoja analala salon usiku mmoja, anakula, anakwenda na Mado, anarudi mwepesi. Jibu la Kinshasa bado.

Nilichojifunza mimi ni kidogo: vile vitu ambavyo tunaona haya kuviuliza dirishani, ndivyo tunavyovilipia kila mwezi. Na ukikata na kubandika, soma karatasi yote kabla chef hajafika.

Sasa semeni na nyinyi. Nani ana kadi mfukoni ambayo haijanunua hata kiberiti? Hapa tumefichana majina, hakuna atakayekujua.