Mume Wangu Alinigonga na Selika Huku Ananitazama

Mie nimegongwa na gari, na aliyenigonga ni mume wangu wa ndoa.

Tena alikuwa ananitazama usoni, macho kayakodoa, huku anapaza sauti, "Mama Herieth! Ushavuka?"

Nilikuwa nimelala juu ya boneti yake.

Msicheke. Naandika kwa dole gumba la kushoto, mkono wa kulia umefungwa plasta. Kila herufi hapa imenitoa jasho, kwa hiyo someni kwa adabu.

Mume wangu anaitwa Ansbert. Kazi yake udereva. Ujana wake wote kaendesha mabosi: anaosha gari la mtu, anamfungulia mtu mlango, anamfikisha mtu kwake, halafu yeye anarudi kwetu Buza kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Hajawahi kugonga hata kuku. Hilo atawaambia hata kama hamjamuuliza.

Alipostaafu nikajua sasa tunamalizia uzio.

Siku moja niko jikoni, namsikia anaongea na simu sebuleni, sauti kaishusha.

"Selika kafika bandarini? Mwekundu kweli? Basi nakuja kumchukua mwenyewe."

Nyie! Nikakaa chini palepale. Uzee wote huu naletewa mke mwenza mwekundu, tena kaja na meli!

Nikasuka nywele, nikavaa vizuri, nikaweka ndoo ya maji niliyooshea dagaa nyuma ya mlango. Nikasema huyo Selika akiingia tu, anayaoga yote.

Kumbe gari.

Gari la spoti la zamani, milango miwili, liko chini utadhani limekaa kitako. Umri wake sawa na Herieth, binti yetu wa kwanza, na Herieth ana watoto watatu. Kuna kidude ndani, ukiwasha tu kinaongea Kijapani, sauti ya mwanamke mpole. Kila asubuhi kinasema maneno marefu.

Mie najibu, "Marahaba."

Nikamuuliza, "Baba Herieth, wenzio wanastaafu wananunua Noah, wanabeba abiria. Wewe umeona gari la vijana wanaonyoa kiduku?"

Akasema, "Niache niendeshe langu, mama. Kidogo tu."

Hilo "kidogo tu" lilinipita sikioni. Nimekuja kulisikia juzi.

Basi Selika akawa gari letu la kila siku. Mie nauza dagaa soko la Tandika, kwa hiyo kila asubuhi gunia la dagaa linakaa siti ya nyuma, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasio na miguu, na mie nakaa mbele. Ile siti iko chini kama kibao cha mbuzi. Kuingia unajiachia tu, Mungu atajua. Kutoka ndiyo ibada. Unatoa mguu mmoja, unapumzika. Unatoa wa pili, unapumzika. Halafu unashika mlango na kuwataja watakatifu wote unaowafahamu.

Sasa sikieni mateso yangu yalipoanzia.

Barabara ya kwetu ina matuta. Mengine ya serikali, mengine wananchi wamejijengea wenyewe kwa hasira. Siku ya kwanza tu tulipofika tuta la kwanza, mzee akasimamisha gari.

"Mama Herieth, shuka."

"Nishuke wapi? Soko liko huku?"

"Gari liko chini, litakwaruza tumbo. Shuka uzito upungue, tuta likiisha unapanda."

Nikashuka. Nikasimama pembeni kama mtu mwenye akili.

"Siyo huko! Pita mbele. Katikati. Tembea mbele yangu taratibu."

"Kwa nini mbele?"

"Nipime upana."

Basi nikatembea katikati ya barabara, Selika ananifuata nyuma polepole, ananguruma kama ana mafua. Nimefika ng'ambo ya tuta, nikapanda. Tuta lingine hilo. Shuka! Na lingine. Shuka!

Kila siku ya Mungu. Magoti yangu haya mnayasikia mpaka huko mliko.

Vijana wa bodaboda wakanipa jina. "Shikamoo, Bibi Tuta!"

"Marahaba. Mama yako hajambo? Mpe salamu zangu, ingawa wewe huna adabu ya kuzifikisha."

"Bibi, kwa nini gunia la dagaa halishushwi, unashushwa wewe?"

Nilimgeukia mzee, na yeye akajifanya anapangusa usukani.

Nikajaribu kila njia kumtoa Selika pale nyumbani. Nilinuna. Nilimwaga maji ya dagaa kwenye kapeti lake, kwa bahati mbaya ya makusudi. Nilimpigia Herieth amshauri baba yake auze, naye akaniambia, "Mama, muache mzee na furaha yake." Nikaomba hata kwenye jumuiya, nikasema nina mtu wa nyumbani kashikwa na pepo jekundu. Wapi. Kila asubuhi ufunguo mkononi, "Mama Herieth, twende." Nilikuwa kama lile gunia la dagaa, napakiwa na kushushwa, ila gunia lilikuwa na nafuu, halishushwi kwenye matuta.

Na mzee mwenyewe akaanza kubadilika.

Jirani yangu Filomena akanivamia uani. "Shoga, mumeo siku hizi anatupita kama miti. Nimemsalimia karibu nimguse, kanyamaza. Gari limempandisha mabega, eh?"

Nikaona haya. Nami nilikuwa nimeona. Chai anamimina nje ya kikombe, nikajua mawazo yako kwa Selika. Saitimira ya kushoto, kile kioo cha pembeni, ikang'oka kwenye nguzo ya geti letu wenyewe, akasema nguzo imesogea. Nikacheka, nikasema kweli mapenzi upofu.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Halafu akaniletea kitenge. Cha njano, njano ya kupiga kelele, hakina hata ua. Nikafurahi. Mwanaume aliyenioa na kusahau njia ya dukani, leo ananunua nguo! Nikashona dera. Krismasi akaleta kingine. Njano. Pasaka, njano. Sokoni wakaanza kuniuliza nagombea udiwani wa wapi.

"Baba Herieth, Kariakoo nzima rangi nyingine zimeisha?"

"Inakupendeza. Nataka uivae tukitoka."

Nikaivaa, jamani. Nani anakataa kupendeza?

Sasa, mwezi uliopita akafariki mama Atuganile, mwenzetu wa pale sokoni. Msiba upo Chang'ombe. Nikatoa dera jeusi, na mtandio mweusi, nikatoka nje.

Mzee kasimama kando ya Selika. Akanitazama. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama kuku anayetafuta punje.

"Njano iko wapi?"

"Niende na njano msibani? Nikapambe ukumbi?"

Akaupapasa mlango wa gari. Kisha akasema neno ambalo hajawahi kulisema tangu Selika aingie kwetu.

"Twende na bajaji."

"Ukome! Nimeteseka na huyu Selika jua na mvua, leo nakwenda mbele za watu ndiyo unifiche kwenye bajaji? Washa gari."

Akauchezea ufunguo. "Basi njiani uwe unaongea. Usinyamaze hata kidogo."

Nikashangaa. Tangu tuoane ananiomba ninyamaze.

Tukaenda. Nikaongea mpaka mate yakakauka. Tukafika tuta la kwanza, lile refu, lami yake mpya nyeusi tii. "Shuka, mama." Nikataja watakatifu wangu, nikashuka, nikasimama mbele ya gari, nikaanza kutembea huku namsimulia habari za marehemu.

Juu ya tuta kandambili ikachomoka. Nikainama kuivaa.

Na nikiinama huwa siongei. Tumbo linabana.

Nikasikia kitu cha moto kimenigusa nyuma. Hakikunipiga kwa nguvu, kilinichota, kama unavyochota unga kwa upawa. Selika yuko chini, mnakumbuka. Nikageuka nikajikuta nimelala juu ya boneti, upande wa kushoto, uso wangu kwenye kioo.

Na gari linakwenda!

Nikamwona mume wangu kwa ndani. Mikono miwili kwenye usukani, kama alivyofundishwa. Macho wazi, yananitazama, yananipita, yanakwenda kutafuta kitu kilicho nyuma yangu. Jasho linamtiririka.

"Mama Herieth! Ushavuka? Mbona kimya?"

Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Mie, ambaye msiba mzima huwa nausimulia peke yangu, sikupata hata neno moja. Nilishika wipa tu. Tulikuwa tunatazamana pua kwa pua, na mmoja wetu hayupo.

"Mzee simama! Simama!" Bodaboda wote walipiga kelele.

Akakanyaga breki. Nikateleza, nikaangukia mkono.

Watu wakajaa. Mnawajua watu wetu.

"Kamgonga makusudi! Nimeona, alikuwa anamtazama kabisa!"

"Anataka kuoa mwingine huyu, ndiyo maana kanunua gari la vijana!"

"Mchomoeni!"

Mmoja keshafungua mlango, kamshika mzee ukosi wa shati. Ansbert wala hajitetei. Anageuza kichwa huku na huku, anaita, "Mama Herieth? Mama Herieth yuko wapi?" Nami nipo pale chini, karibu na miguu yake.

Nikaelewa. Yote kwa mara moja, kama taa ya umeme inavyorudi mtaani. Chai. Nguzo. Filomena. Ongea usinyamaze.

Na hapo nikabanwa. Nikisema haoni, dereva ambaye hajawahi kugonga kuku anakufa kwa aibu mbele ya vijana wa bodaboda. Nisiposema, wanamuua wao.

Nikapaza sauti, "Muacheni mume wangu! Nimempanda boneti mwenyewe! Mtu akichoka kutembea mnataka akalie nini, vichwa vyenu?"

Halafu mmoja akacheka. Akacheka na wa pili. Yule wa ukosi akauachia.

"Bibi Tuta umeshindikana!"

Nililia baadaye, kwenye bajaji, kwa sababu ya mkono. Ndivyo nilivyomwambia.

Hospitali nikafungwa plasta, naye nikamsukuma kwenye chumba cha macho. Daktari akasema ni presha ya macho, ya muda mrefu. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, tena bomba lina moshi.

"Dokta, unasafisha au unakata?"

"Bibi, kilichopotea hakirudi. Tunampa matone ya kuchelewesha kilichobaki kisipotee."

Nikamuuliza tena, kwa kumbembeleza, kama bei ya sokoni inavyoshushwa. Akanijibu vilevile.

Sasa kaeni vizuri.

Fundi Brightson kutoka gereji ya Chang'ombe alikuja kumleta Selika nyumbani, maana tulimwacha palepale kwenye tuta. Nikamwambia, "Baba, kalitazame tumbo lake, matuta yatakuwa yamelimaliza."

Akacheka. "Matuta gani, bibi? Mzee aliinua springi za gari hili wiki ileile lilipotoka bandarini, na kazi niliifanya mie. Linapita tuta lolote hapa Temeke, mkiwa ndani nyote na gunia juu."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, amegeukia upande ambao sikuwepo.

Brightson alipoondoka nikakaa karibu naye. "Kwa hiyo magoti yangu ulikuwa unayafanyia majaribio?"

Akapangusa vumbi la ngazi kwa kiganja. Kisha akasema, "Barabara iliyonyooka nilikuwa naijua kwa kichwa. Tuta nilikuwa silioni. Wala watoto wanaokatisha pale. Njano nilikuwa naiona. Ukipita wewe salama, najua na mie napita."

"Na ukanunua gari hali ya kuwa unajua?"

"Niliambiwa kabla sijastaafu. Waliponionyesha picha za magari, jekundu ndilo pekee nililoliona vizuri. Nilitaka nishike usukani wangu kabla macho hayajazimika." Akatafuta mkono wangu, akaupata ule wa plasta. "Kidogo tu, mama."

Mie! Mtu ningemtukana vizuri sana, maana angeweza kuua mtoto wa watu na gari lake jekundu. Maneno niliyatafuta, yakaja machozi. Sina dawa, sina ujanja, sina hata wa kumnunia.

Selika sasa kaegeshwa uani, hatoki. Lakini kila asubuhi mzee anaingia, na mie najiachia kwenye kibao changu cha mbuzi. Anawasha, Mjapani anasalimia, mie naitikia marahaba. Kisha namsomea barabara, gari limesimama palepale.

"Kulia kuna mkokoteni wa miwa. Bodaboda huyo, hana adabu. Haya, tuta."

Anakanyaga breki. "Mama Herieth, shuka gari lipumue."

"Sishuki. Nimesikia springi zimeinuliwa."

Anacheka mpaka machozi, namdondoshea matone yake hapohapo.

Kwa hiyo nyie mnaosoma, mie niliyeishia darasa la saba nina moja la kuwafundisha. Mwenzio wa ndani akianza kukununulia nguo ya rangi moja kila sikukuu, usikimbilie kwa fundi cherehani. Kaa naye, muulize anaona nini. Na mtu akikupita bila salamu, kabla hujasema anaringa, mguse bega.

Jana tulikuwa ndani ya Selika, tumefika Tandika kwa mdomo. Akanigeukia, akanitazama sana, akainamisha kichwa upande, kama kuku.

"Mama Herieth, leo umevaa njano? Mbona siioni?"

Nilikuwa nimeivaa. Ile ya Pasaka, mpya.

Nikamwambia, "Hapana, baba. Leo nimevaa nyeusi."