Geti la Kanisa na Bomba la Kupe

Jumamosi nilipeleka jembe kuchomelewa hapa Nyantakara, nikamkuta fundi ameshika kiuno. Kanisa liliagiza geti lisilo na alama za brashi, nalo lilitakiwa kesho yake, naye hana mashine ya kupulizia rangi. Jirani yake, mzee mfugaji, akaleta bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, likinuka bado.

"Linamaliza ng'ombe arobaini kwa asubuhi moja, sembuse geti!"

Rangi nzito ikaziba mdomo wa bomba. Wakaizimua kwa mafuta ya taa mpaka ikapita, lakini ikatiririka chini kama chai.

"Mzee, mbona haishiki?" fundi akalia.

Mzee akalipapasa geti, akatikisa kichwa. "Halina manyoya."

Wakarudia brashi. Jumapili geti lilijaa alama, ila sikuona kupe hata mmoja akiingia kanisani.