Upande Ilikotokea Radi

Shangazi yangu nusura afukuzwe kijijini kwake Runingu kwa sababu ya radi. Ilikuwa imemuua mtoto wa jirani yake shambani, na kwetu radi haiui bila kutumwa. Wanakijiji waliona imetokea upande wa nyumba ya shangazi, mjane anayeishi peke yake, wakaamua kwamba mtumaji ni yeye.

Niliondoka Rugenge, ninakofundisha fizikia, nimefura kwa hasira. Kikao cha kumhukumu kilifanyika kanisani. Baba wa marehemu alikaa mbele, macho chini. Nilianza vibaya, kwa habari za umeme na mawingu, wakanitazama kama muuza dawa za sokoni.

“Weye ni ndugu yake,” mtu mmoja alinikatiza. “Na ile radi ilitoka upande wa kwake, siye wote tuliona.”

Upande! Hapo nilikumbuka somo ninalolipenda kuliko yote. Niliwaambia kuna chembe zisizoonekana, si radi, zinazotoka mbali kupita nyota zetu. Moja ikigonga hewa, hupasuka ikawa mvua ya chembe nyingine. Ili kuzinasa, wataalamu wametandaza matangi ya maji kwenye uwanda mkubwa, yamefungwa yawe giza tupu ndani. Chembe ikipita majini, hutoa mwanga mdogo, na kwa kulinganisha tangi lipi limetangulia kuuona, wanajua imefika kutoka upande gani.

“Lakini njiani ilipindishwa na nguvu za sumaku za angani,” nilisema. “Upande inakoonekana kutokea si lazima uwe kwao. Miaka yote hiyo, na vyombo vyote hivyo, hawajathubutu kutaja nyumba ya mtu.”

Mkuu wa kijiji alisema basi, anayejua kuliko hao asimame. Hakusimama mtu. Nilifurahi, nisiseme uongo, nilijiona nimeshinda.

Ndipo baba wa marehemu alipoinua uso. Hakuwa na hasira tena, na hilo liliniumiza zaidi.

“Mwalimu,” alisema, “sasa minye nitachukia nani?”

Shangazi alitoka upande wa wanawake, akaja polepole, akaketi kando yake kwenye benchi.

“Unichukie tu minye, mutoto wangu,” alimwambia. “Ila uniache nikae mu nyumba yangu.”