Mzani Ulioishia Arobaini

Wapwa zangu, haya ninayowaandikia hamtayaamini, na wala siwalaumu. Mwanamke mwenye magoti mabovu mawili na chupa ya achari iliyotiwa maharage aliishinda kompyuta iliyosoma chuo kikuu. Nilikuwepo. Naosha vyombo katika jiko hilohilo, huu mwaka wa kumi na tisa, na hesabu niliiacha darasa la sita, ingawa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiniogopa. Marlys mwenyewe yuko hapa ng'ambo ya meza, anakunja leso za karatasi za jioni. Ameniuliza naandika nini, nikamjibu ni barua kwa ndugu zangu. Kiswahili hajui hata neno moja, kwa hiyo leo kalamu yangu haina polisi.

Basi Marlys Buechner ana miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na mitatu ya hiyo, kila Ijumaa, amesimama mbele ya karai la mafuta katika mgahawa wa akina Voskuil, kwenye barabara ya ziwa kaskazini mwa Sheboygan, hapa Wisconsin, Marekani, akikaanga sangara. Msimfikirie yule sangara wa Mwanza anayebebwa na wanaume wawili. Huyu wa huku ni wa manjano, mdogo kama kiganja, lakini Ijumaa ikipita bila yeye watu huona kama wiki haijaisha. Huliwa na kabichi iliyokatwa nyembamba, mkate mweusi, chapati za viazi na tufaha lililopondwa, na kabla ya hapo brandi moja, au mbili.

Sahani zilikuwa arobaini. Si thelathini na tano wala hamsini. Marehemu mzee Voskuil, mwaka aliofungua mgahawa, aliagiza katoni moja ya minofu, ratili ishirini, nusu ratili kwa sahani. Ijumaa ya pili akaagiza vilevile. Akaendelea hivyo mpaka akazikwa, na mwanawe Dale akarithi mgahawa pamoja na ile katoni. Saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, minofu kwisha. Marlys hufuta mikono, huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, hunyoosha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na huyasikia magoti yakilalamika kama bawaba.

Sasa, watu wa Wisconsin. Mwambie mmoja wao kwamba kile alichokiendea maili thelathini kimekwisha, hatagomba. "Aa, hakuna shida," atakuambia, "wala usijisumbue, dada. Niletee kuku." Atamla kuku, ataacha bahashishi nono, atashukuru mara tatu. Akishafika kwenye gari ndipo atamtazama mkewe. Adabu hiyo ndiyo iliyotaka kumfukuza Marlys kazi, nanyi mtaona jinsi gani.

Jumatatu ya mwisho ya Septemba, Marlys akiwa anakata kabichi, Dale aliingia jikoni na mkwe wake Todd, kijana aliyesomea takwimu za biashara na anayevaa fulana ya sufu hata kukiwa na joto. Todd aliiweka kompyuta juu ya meza ya bati, katikati ya kabichi.

"Bi Marlys, hebu tazama mstari huu. Samaki, wiki hamsini na mbili. Arobaini, arobaini, thelathini na tisa, arobaini. Haupandi, haushuki. Hilo ni soko lililokufa."

"Na huo mwingine unaopanda?"

"Kuku wa Ijumaa. Kumi na nane, ishirini na mbili, ishirini na saba. Wateja wanahama."

"Wanahamia wapi?"

"Kwa kuku, Bi Marlys."

Dale alikuwa akiitazama friji, maana uso wa Marlys ulimshinda. "Bei ya sangara nayo imekuwa ya dhahabu," alisema. "Oktoba ikiisha tunaacha samaki. Ijumaa itakuwa siku ya kuku. Na kuku, si unajua, mpishi wa mchana anammudu peke yake."

Hakuna aliyesema neno kufukuzwa. Huku halisemwi. Marlys aliendelea kukata kabichi, na kisu kilipokuwa kikishuka akawa anahesabu: miezi ishirini na miwili. Ndiyo iliyobaki afike sitini na mitano, apate bima ya wazee, na bima ilipe magoti mapya. Kwa hiyo ilimpasa asimame juu ya magoti mabovu miezi ishirini na miwili ili aweze kuyabadilisha. Nani mwingine angemwajiri mwanamke wa umri huo anayejua samaki mmoja tu?

"Todd," alisema, bila kuinua kichwa, "nilikuambia nilifanya kazi kiwanda cha jibini?"

"Hapana."

"Miaka kumi na minne. Tulikuwa tunafunga vipande vya ratili arobaini. Kazi yangu kuchukua kimoja katika kila ishirini, nikipime. Naandika: arobaini, arobaini, arobaini. Msimamizi wetu akapewa cheti kwa kupima sawasawa. Siku moja nikabeba mzani wa bafuni kwangu, nikapandisha jibini. Arobaini na tatu. Cha pili, arobaini na mbili na nusu. Unajua kwa nini mzani wa kiwanda ulisema arobaini?"

"Ulikuwa mbovu?"

"Ulikuwa mzima kabisa. Ila sindano yake ilikuwa inaishia arobaini. Hata ungempandisha ng'ombe, mzani ungesema arobaini. Miezi minane tuliwagawia watu jibini bure, na daftari likatusifu."

"Wewe ukapewa nini?" Dale aliuliza.

"Kofia." Marlys aliusogeza upande wa pili wa kabichi chini ya kisu. "Hiyo katoni yenu ni mzani ulioishia arobaini, kijana wangu. Mashine ya risiti inajua sahani tulizouza. Haiwajui waliotaka. Na huyo kuku wako anayepanda, nusu yake ni sangara aliyekosekana."

Todd aliinua kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. Kisha akasema, "Hilo ni dhana, Bi Marlys. Mimi nahitaji namba."

"Nipe Ijumaa za Oktoba. Ziko nne."

Dale alikubali, kwa sababu kukataa kungemlazimu amtazame.

Mpango wenyewe haukuwa na makuu. Bev, mhudumu wa ukumbini, alipewa chupa tupu ya achari na mfuko wa maharage makavu. Sangara wakishakwisha, kila anayemuulizia, Bev atumbukize harage moja kabla mtu hajatamka kuku. Anayegeuka mlangoni na kuondoka, harage pia.

Ijumaa ya kwanza, maharage ishirini na nane. Marlys aliyahesabu mara mbili juu ya ile ndoo yake, akaandika kwenye mfuniko wa katoni. Ijumaa ya pili yakatoka sitini na moja.

Bev alikuwa akitabasamu mpaka magego. "Umeona, shoga? Sitini na moja! Mkwe wa watu atakula kompyuta yake kwa chumvi."

Marlys hakucheka. Alichukua vikaratasi vya oda vilivyochomwa kwenye msumari, akavihesabu visivyo vya samaki. Thelathini na nane.

"Wangapi wamegeukia mlangoni, Bev?"

"Wengi."

"Wangapi?"

"Kama... kumi."

"Kwa hiyo hata kama kila aliyekula kitu kingine alikuja kwa sangara, ni arobaini na nane. Hao wengine kumi na watatu wameingia kwa dirisha gani?"

Bev alikunja aproni yake, akaikunjua. "Niliongeza kiganja. Kimoja tu. Marlys, wanakufukuza! Wewe unataka niwe mkweli kwa maharage?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu, mwanamke wewe."

Marlys alimimina maharage yote sitini na moja kwenye pipa la taka, akachora mstari juu ya Ijumaa ile. Huenda ndani yake yalikuwamo thelathini na tano ya kweli, lakini nani sasa angeyatambua? Alikuwa na wiki nne, akabaki na tatu. Mimi niliyaona yakienda, na moyo uliniuma, maana hata supu yalifaa.

Ijumaa ya tatu Bev alitumbukiza harage mojamoja, amenuna, akitamka kila namba kwa sauti kama anayelipa faini. Thelathini na tatu. Ya nne, ishirini na tisa.

Jumatatu iliyofuata Marlys aliisukuma chupa mbele ya Todd. "Tisini kwa Ijumaa tatu. Wastani thelathini. Weka juu ya arobaini zako."

"Sabini," Todd alisema polepole. Alikuwa amekwisha kuvikagua vikaratasi mwenyewe, nilimwona. "Bi Marlys, jambo hili lina sura nzima kwenye kitabu changu. Nililijibu kwenye mtihani."

"Ulipata ngapi?"

"Tisini na mbili."

"Hongera. Agizeni sahani sabini na mbili."

Dale aliguna. "Kwa nini si sabini? Si ndiyo wastani?"

"Sahani ikibaki unapoteza dola sita. Mteja akikosa unapoteza faida ya dola tisa, na brandi yake, na mkewe. Lipi baya zaidi? Basi vuka wastani kidogo. Tena mimi nataka zibaki, Dale. Zikibaki mbili tatu, kwa mara ya kwanza tutakuwa tumejua watu wanataka ngapi. Zikiisha zote, tumenunua tu mzani mwingine unaoishia sabini na mbili."

"Na zikibaki thelathini?"

"Nikate mshahara."

Dale alikuna shingo. "Ijumaa moja," alisema. "Zikitoka sitini, samaki wanabaki. Pungufu ya hapo, Marlys, mimi nimejitahidi."

"Zikitoka sitini nataka kiti kirefu mbele ya karai. Na mtu wa kuchovya unga. Nyongeza ya mshahara sitaki."

"Mtu simpati kabla ya Ijumaa."

"Unaye," Marlys alisema, akamtazama Todd na ile fulana ya sufu.

Alhamisi, kazi ilipokwisha, Marlys alikaa ndani ya gari lake uwanjani bila kuliwasha. Minofu ilikuwa ndani ya friji, katoni karibu mbili. Alijua hesabu yake ni safi, na hilo ndilo lililomchosha. Akikosea, atakwenda nyumbani akanyooshe miguu, bila mshahara na bila bima. Akipatia, atakaanga sahani thelathini na mbili zaidi kila Ijumaa kwa miezi ishirini na miwili, na kila sahani ina minofu mitano au sita ya kugeuza. Alijaribu kuzidisha akaacha njiani. Kuomba, aliomba. Aliomba lipi, hata mwenyewe hakuwa na hakika.

Ijumaa, saa kumi kamili, karai lilianza kunguruma. Todd alivaa aproni, akachovya minofu kwenye unga kwa vidole viwili kama anayeshika nyaraka.

"Shika samaki, profesa, haumi," Marlys alimwambia.

"Nashika."

"Unampapasa. Ukumbini kuna watu wana njaa."

Saa kumi na mbili na dakika ishirini Bev alisukuma mlango wa jikoni kama alivyofanya kila Ijumaa, na ule uso wake wa pole tayari amekwisha kuuvaa. "Wamekwisha?"

"Bado."

Bev alisimama. Miaka yote ile hakuwahi kujibiwa hivyo. Akaangalia friji, akaangalia karai, kisha akarudi ukumbini, na tukamsikia akiiambia meza ya karibu, kwa sauti ya mtu asiyejiamini, kwamba sangara wapo. Na mzee mmoja akajibu, "Sasa hivi? Wapo kweli?"

Tangu hapo vikaratasi havikukatika. Marlys hakukaa. Kiti kirefu kilikuwa bado ni ahadi, na ndoo haikufikia karai. Alihamisha uzito mguu huu, akauhamishia ule, jasho likimdondoka kidevuni, naye akihesabu kwa midomo kila sahani iliyopita dirishani. Hamsini na moja. Hamsini na mbili. Hakumruhusu mtu amsemeshe. Ilipopita ya sitini, mabega yake yalishuka kidogo tu, kama mtu anayetua ndoo ya maji, na Todd akasema, "Bi Marlys, samaki wanabaki," naye akamjibu, "Chovya."

Na hapo, wapwa zangu, ndipo mambo yalipochafuka! Habari ilifika mjini, magari yakapanga mstari hadi kwenye mnara wa taa, watu wakawa wanaingia kwa mlango wa jikoni na sahani zao za nyumbani, mimi nikiwazuia kwa mkono mmoja na kuosha kwa mwingine, mtu mmoja kutoka Milwaukee akapiga magoti mbele ya karai akilia kwa furaha, na mpaka tunafunga zilikuwa zimetoka sahani 120, wala haukubaki hata mkia, na Dale akamkumbatia Marlys akamwambia kwamba kuanzia leo mgahawa huu utaitwa kwa jina la—

"Hiyo nini?" Kidole chenye kovu la mafuta kimetua juu ya karatasi yangu. Ameinuka bila mimi kumsikia, amesimama nyuma ya bega langu. "Hapo, karibu na jina langu. Hiyo mia na ishirini. Barua ya ndugu gani hiyo?"

"Hiyo... ni uzito wa shangazi yangu."

"Zilitoka sitini na tisa," anasema Marlys. "Zikabaki tatu. Moja niliila mwenyewe, nimekaa kwenye ndoo. Futa, uandike hivyo."