Picha za Msiba wa Manyamanyama

Nilichofanya Manyamanyama siku ile sijawahi kukisimulia nikiwa nimeinua kichwa, maana mimi ni mtu wa kujisifu (shule niliacha darasa la tatu, kazi nimejifundisha mwenyewe, nyumba nimejenga mwenyewe) na siku ile sifa zote ziliniishia mbele za watu.

Zilikuwa zile siku sabuni ni ya foleni na filamu ni ya magendo kutoka mpakani Sirari. Kamera nilikuwa nayo, kuukuu, filamu hakuna, lakini sikukubali mkono ulale: kila asubuhi nilizungukaga pale Kitaji, Musoma mjini, na kamera tupu, napima mwanga, navuta, nabofya, navuta tena, mama muuza sato nampiga, ng'ombe nampiga, na picha haitoki hata moja. Watu walinicheka mwaka mzima. Lakini kazi niliijua, msinibishie.

Ndipo nikaitwa Manyamanyama, kule Bunda. Mzee mmoja amefariki, hajawahi kupigwa picha maishani, na mwanaye pekee yuko Mtwara, hana usafiri wa kuwahi maziko. Mjane akaniambia, "Mura, kijana wangu, nataka mwanangu amwone baba yake, hata kama ni kwenye karatasi." Nikahangaika mpaka nikapata filamu moja (usiniulize kwa nani).

Sasa sikia ujinga. Badala ya kuingia ndani nikaipachike taratibu, nikaipachika palepale uwanjani, macho juu, mkono siuangalii, ili wajue mtu wa Musoma amefika. Nikafunga mfuniko, tap! Watu wakanong'ona, na mimi nikavimba kichwa.

Nikaanza kuutawala msiba. Jeneza nikaamuru ligeuzwe lielekee jua, wabebaji wakajikwaa, mzee nusura atoke, katekista akitaka kufunika namwambia "Bado!", wajukuu nikawapanga kwa vimo, na mjane, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Mama, usilie kwanza, unaharibu picha." Akajifuta machozi akanyamaza, kwa ajili yangu mimi.

Tukazika. Udongo umeshajaa, mimi bado napiga, msalaba, mashada, wajomba. Shemeji wa marehemu, mwalimu mstaafu, akanisogelea.

"Fundi, filamu yako ni ya picha ngapi?"

"Thelathini na sita, mwalimu."

"Nimekuhesabia arobaini na tatu. Hiyo filamu inazaa?"

Wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kuficha mdomo. Nikakiangalia kile kitufe kinachotakiwa kuzunguka kila ukivuta filamu. Nikavuta, hakizunguki. Nikafungua kamera mbele yao wote, filamu hiyo hapo, imejikalia kwenye kopo lake, ncha haijashika hata jino moja la kigurudumu cha kuivuta. Mwaka mzima mkono wangu ulizoea wepesi wa kamera tupu, basi siku ulipovuta utupu tena, mkono haukushtuka.

"Kwa hiyo?" mjomba mmoja akauliza. "Tufukue?"

Afadhali wangenipiga. Mjane akaja taratibu, hakunitukana. "Basi nitamwandikishia mwanangu barua," akasema. "Sisi ulituweka nyuma, wewe ndiye uliyemtazama kwa karibu. Niambie nimwandikie nini. Uso wake ulikuwaje?"

Nilitazama kivuli cha pua, nilitazama jua kwenye paji la uso, mtu mwenyewe sikumwona. Nikasema, "Alikuwa ametulia, mama." Maiti gani haijatulia? Akaniangalia, akageuka, akaenda kwa wenzake kulia kilio nilichomkatiza.

Huyo mwanaye alikuja miezi baadaye. Nilionyeshwa sokoni Bunda, nikabadili njia kama mwizi.

Toka hapo filamu sipachiki mbele ya watu, nadhihakiwa kwamba nimezeeka, sawa. Na nikiitwa msibani, kamera naiacha kwanza ining'inie shingoni, namsogelea marehemu namtazama kwa macho yangu haya mawili, nyusi, mdomo, kovu kama lipo, mpaka nijue nimemwona. Wakinifukuza kwamba nachelewesha maziko, wanifukuze.