Binti Yangu Anarudi Kwenye Nyumba Niliyokwisha Kuirudisha

Admin nifiche jina, na ile picha yangu ya kofia usiiweke. Hapa Barking, mashariki ya London, wazee wenye kofia kama yangu tuko wanne tu, na hao watatu hawana dhambi. Nina miaka sabini na sita, mgane. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkiona nimekosea herufi msinirekebishe, nishaurini. Kwetu Tanga. London nina miaka thelathini na tisa, na miaka yote hiyo nilikuwa naondoka mwakani.

Sitanii. Nina binti mmoja, nimwite Zuhura. Kazaliwa hapa, kakulia kwenye nyumba ya vyumba vitatu tuliyopangishwa na kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na mimi kila siku namwimbia kwamba hapa ni kambi, nyumbani ni Tanga. Nilikataza kupigilia misumari ukutani. Kochi tulilikalia na nailoni yake ya dukani mpaka likachakaa humohumo ndani ya nailoni. Masanduku yalikaa juu ya kabati tayari kwa safari. Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia, "Mume wangu, hata ndege wanaohama, huwa wanahama kweli."

Mama yake alipofariki, haukupita mwaka kazi ya mume wa Zuhura ikawapeleka wao na watoto wao wawili Marekani, Texas. Nikabaki na vyumba vitatu, leo nalala hiki, kesho kile, kama sultani mwenye wake wasioonekana. Dada mmoja wa kaunsili akaja kwa heshima zote: mzee, kuna familia zinasubiri nyumba, sisi tutakupa chumba kizuri kwenye jengo la wazee, lifti ipo, magoti yatapumzika. Nikasaini siku ileile. Zuhura sikumuuliza. Ningemuuliza nini? Kuna mtu anaaga kambi?

Haikupita miezi miwili, Zuhura akaanza kulilia nyumbani. Kila Jumapili ananipigia simu ya picha. Nikafurahi, nikajua damu imemwita, analilia Tanga, ambako kafika mara mbili na mara zote mbili tumbo lilimwendesha. Kumbe analilia Barking. Anasema mkate wa Marekani mtamu kama keki. Birika la umeme la huko linachemsha maji taratibu mpaka hamu ya chai inakwisha. Anataka maharage ya kopo juu ya mkate wa kuchoma. Anataka chipsi zilizolowa siki, na haya manyunyu yetu yasiyomlowesha mtu wala kumwacha mkavu. Anataka kwenda dukani kwa miguu na kupanga foleni na watu wanaokuomba radhi wewe ukiwakanyaga. Nikawa namtumia vifurushi vya majani ya chai na biskuti huku namtania: mtoto wa mtu wa Tanga unalilia maharage ya kopo, ukoo ukisikia utafukuzwa. Anacheka, ananijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, halafu ananiambia, "Baba, geuza simu nione jikoni."

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa. Nikasema kamera imeharibika. Pazia la sebule ya zamani nilikuwa nimehama nalo, nikalitundika kwenye hiki chumba changu, na kila Jumapili nakaa mbele yake kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Siku moja jirani yangu, mama wa Kijamaika, akasukuma mlango akiuliza kama nateremka chini kucheza bingo na wazee wenzetu. Zuhura akamwona. Akauliza kama nimepata mchumba. Nikakubali haraka sana. Afadhali kusingiziwa mwanamke kuliko kusema kweli. Tangu hapo kila simu ananiuliza habari za mama yake wa kambo.

Mwezi uliopita akapiga siku isiyo Jumapili. Mumewe amehamia kwa mwanamke mwingine. Safari hii alizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho, nikajua maji yamefika shingoni.

"Baba, narudi nyumbani na watoto," akasema. "Huku kila nikizidiwa najiambia, mlango ule upo. Usihangaike na kitu. Chumba changu kitatutosha sote watatu."

Nikamwambia, karibu mwanangu. Maneno mawili tu, na la kwanza lilikuwa la uongo.

Kesho yake nikapanda basi hadi mtaa wetu wa zamani, sijui nafuata nini. Akafungua mama mmoja wa Kisomali, mtoto kiunoni, na ukuta wa nyuma yake umejaa picha za familia. Akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikasema ndiyo.

Kaunsili wanasema aliyesaini kasaini. Zuhura akifika ataandikishwa kama mtu asiye na makazi, na huenda wakampeleka mji wa mbali asikomjua mtu. Kwangu mgeni haruhusiwi kulala zaidi ya siku chache, watoto ndiyo kabisa. Na huko Tanga nilikokuwa nikiringia kuna kuta zisizo na paa, wanaishi mbuzi wa kaka yangu.

Rafiki yangu wa msikitini ananiambia mpigie, mwambie. Nimempigia mara mbili. Mdomo huu unaotania hata msibani, mara zote mbili umeishia kuwatania wajukuu. Kule ameshaacha kazi, ameshagawa vitanda. Ndege ni Alhamisi.

Jana ametuma ujumbe: "Baba, usije uwanja wa ndege na magoti yako. Njia naijua, na ufunguo wangu bado ninao."

Nyie vijana mnaojua kusema mambo mazito, nitukaneni kwanza, nimestahili. Halafu mniambie: nimwambie sasa akiwa hana pa kurudi, au nikamsubiri pale nje ya mlango wa watu? Nifanye nini mimi?