Nguzo ya Tatu

Mwaka wa hamsini na nne walibomoa banda la soko la Mpanda ili kupanua uwanja, lakini mfagizi wa pale hakulibomoa kichwani. Kila asubuhi ufagio wake ulizunguka nguzo sita zisizokuwepo, mkono wa kushoto kiunoni, akinong'ona, "Samahani, samahani," kama anayepita katikati ya wazee. Paskalia, muuza uji aliyekaa miaka saba chini ya nguzo ya tatu, alimcheka mpaka machozi. Kicheko kilikatika siku karani alipokuja na ndoo ya chokaa kuchora njia mpya ya magari, akirudi kinyumenyume, mstari ukielekea moja kwa moja kwenye chungu cha Paskalia, ambacho bado kilikaa pale pale ilipokuwa nguzo ya tatu. Kabla Paskalia hajafungua mdomo kumsihi, mfagizi, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alifoka, "Bwana karani, utajigonga kwenye nguzo!" Karani akaruka pembeni, kiganja kisogoni, chokaa ikaruka naye. Mstari ukazunguka chungu, kisha ukanyooka tena. Karani aliona haya kuufuta. Barabara ikajengwa hivyo hivyo, na kona yake. Kesho yake baada ya mstari ule kuchorwa, Paskalia alifika na kuni kichwani, akaizunguka nguzo ya tatu taratibu, akasema, "Samahani."